Kampuni ya bima ikikataa kulipa baada ya ajali barabarani

Jioni ya Juni 30, 2023, lori lililobeba kontena lilipoteza mwelekeo katika makutano ya Londiani na kuwagonga wafanyabiashara, wapita njia na magari ya abiria kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walifariki. Karibu miaka mitano kabla ya hapo, Oktoba 10, 2018, basi lililotoka Nairobi likielekea magharibi mwa nchi lilianguka karibu na Fort Ternan, na huko pia zaidi ya watu 50 walipoteza maisha. Hakuna mkazi wa Kericho asiyeyajua matukio hayo mawili.

Ajali nyingi, hata hivyo, hazifiki kwenye taarifa ya habari. Ni bodaboda iliyoteleza Kapsoit wakati wa mvua ya alasiri, trekta ya majani chai iliyopinduka mteremkoni, au Probox iliyogongana na lori kati ya Litein na Kaplong. Majeruhi hulazwa Kericho, Kapkatet, Longisa au Tenwek, familia huchanga pesa, na miezi kadhaa baadaye barua hufika kutoka kwa kampuni ya bima ikisema kwamba madai yamekataliwa. Wengi huikunja barua hiyo na kuiweka kabatini, wakidhani mambo yameishia hapo.

Barua hiyo ni maoni ya upande mmoja tu. Baadhi ya sababu ambazo kampuni hutoa hazina nguvu kisheria dhidi ya mtu aliyeumia, na nyingine zina nguvu kweli. Ni vyema kuzitofautisha kabla ya kukata tamaa, na pia kabla ya kumlipa mtu akufuatilie.

Unamshtaki nani?

Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 405, inamtaka kila anayetumia gari barabarani awe na bima ya mtu wa tatu. Pikipiki na trekta zikiwa barabarani ni magari vilevile. Mtu wa tatu ni wewe: mpita njia, abiria wa matatu, au mwendeshaji wa chombo kingine aliyegongwa.

Lakini mkataba wa bima ni kati ya kampuni na mwenye gari. Wewe hukuusaini. Ndiyo maana nchini Kenya majeruhi hamshtaki mwenye bima kwanza, bali humshtaki mwenye gari na dereva. Mahakama ikishaamua kwamba wao ndio wenye makosa na kutaja kiasi cha fidia, kifungu cha 10 cha sheria hiyo kinailazimisha kampuni kulipa, hata kama ingekuwa na haki ya kumfutia mteja wake bima. Kikomo cha bima hii ya lazima ni shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Mahakama ikitoa zaidi ya hapo, kilichozidi kinadaiwa kwa mwenye gari.

Kuna sharti moja ambalo huharibu kesi nzuri. Kampuni ya bima lazima ipewe notisi ya maandishi kuhusu kesi hiyo. Sheria inaruhusu notisi itumwe siku chache baada ya kesi kufunguliwa, lakini usicheze na siku hizo. Itumwe kabla, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa au risiti ya posta. Mwulize wakili wako akuonyeshe nakala hiyo. Asipoweza kukuonyesha, una sababu ya kuwa na wasiwasi.

Ili kutuma notisi ni lazima uijue kampuni. Jina lake na nambari ya bima huandikwa kwenye abstrakti ya polisi. Kama kuna mtu mwenye simu pale ajali ilipotokea, apige picha ya nambari ya gari na ya stika ya bima kwenye kioo, kwa sababu gari linaweza kuvutwa hadi kituoni na stika ikatoweka. Jina la mwenye gari hupatikana kwa kulipia ada na kutafuta rekodi za NTSA kupitia eCitizen. Aliyeandikwa huko huenda asiwe yule anayeonekana kila siku na gari, kwani magari mengi huuzwa bila kuhamishwa kwenye rekodi.

"Tuelewane hapa nyumbani"

Sheria ya Trafiki inamtaka dereva asimame na aripoti ajali yenye majeruhi kwa polisi mapema iwezekanavyo, na isizidi saa 24. Huku kwetu, mara nyingi mambo huenda vingine. Mwenye pikipiki ni jirani, au ni mtu wa ukoo. Wazee hukaa, karatasi huandikwa, pesa kidogo hutolewa za hospitali, na kila mmoja huenda zake.

Hakuna anayewazuia watu kupatana, na mara nyingi ni jambo jema. Tatizo huja wiki tatu baadaye, mfupa unapokataa kuunga na daktari anataka kuweka chuma. Wakati huo hakuna nambari ya OB, hakuna abstrakti, na ile karatasi iliyosainiwa mbele ya wazee inasema majeruhi ameridhika na hana dai lingine. Kampuni ya bima itaishika karatasi hiyo kwa mikono miwili. Ripoti kwanza polisi, kisha mpatane ukipenda, na usisaini maneno ya "sina dai tena" kabla daktari hajasema umepona kiasi gani.

Kuanzia siku ya kwanza weka karatasi zote katika bahasha moja: nambari ya OB, abstrakti, fomu ya P3 iliyojazwa na daktari wa serikali, karatasi za matibabu za siku ileile ya ajali, picha za eksirei, na kila risiti, pamoja na jumbe za M-Pesa za nauli ya kwenda kliniki. Gharama ulizotumia ni lazima zithibitishwe mahakamani moja baada ya nyingine. Hakimu anaweza kukadiria maumivu uliyoyapata, lakini hawezi kukadiria dawa ulizonunua. Karatasi ya hospitali ya siku ya kwanza ina uzito wa pekee, kwa kuwa kampuni huuliza mapema kama kweli uliumia katika ajali hiyo. Swali hilo lina sababu yake: madai ya uongo ni mengi kiasi kwamba DCI ina kitengo maalumu cha kuchunguza ulaghai wa bima. Mwenye dai la kweli huponzwa na wenzake wasio waaminifu, na bahasha ile ndiyo kinga yake.

Sababu zinazotolewa, na nguvu zake

"Gari lilikuwa limebeba abiria kupita kiasi." Hii husikika sana, na dhidi ya majeruhi haina nguvu. Kifungu cha 16 cha Sura ya 405 kinasema kampuni haiwezi kukwepa dai la mtu wa tatu kwa kutegemea masharti ya mkataba yanayohusu idadi ya watu garini, hali ya gari, uzito wa mzigo, saa au eneo gari lilipotumika, au umri na hali ya kimwili au kiakili ya dereva. Hivyo matatu yenye matairi vipara iliyobeba watu 20 bado inawaacha abiria hao 20 wakiwa na haki. Kampuni italipa kisha imgeukie mwenye matatu imdai pesa zake. Hilo ni lao wawili.

"Mteja wetu hakuturipotia ajali kwa wakati." Hii pia haikuhusu. Kifungu cha 8 kinaondoa nguvu ya masharti yanayomnyima majeruhi haki kwa sababu ya jambo ambalo mwenye gari alilifanya, au hakulifanya, baada ya ajali kutokea.

"Mteja alitudanganya alipochukua bima." Hii inaweza kuwa kweli, na kampuni ina njia yake, lakini njia hiyo ni mahakama, si barua. Ni lazima iwe imefungua kesi ya kuomba mahakama itamke kwamba bima hiyo haina nguvu, na kesi hiyo ifunguliwe kabla ya kesi yako au ndani ya miezi 3 tangu ianze. Tena ni lazima wewe uarifiwe ili uweze kujitetea. Ukiambiwa maneno haya kwa simu tu, omba nambari ya kesi waliyofungua.

"Gari lilikuwa la kibinafsi lakini lilibeba abiria wa kulipa." Hapa kampuni ina hoja nzito. Matumizi ya gari hayamo katika orodha ya kifungu cha 16, na sheria hailazimishi bima ya gari la kibinafsi kuwagharamia abiria waliomo ndani. Hii ndiyo hatari ya Probox nyingi zinazosomba watu kwenye barabara zetu za ndani. Nauli ni nafuu na gari linafika hadi sokoni, lakini stika iliyo kiooni huenda si ya gari la abiria. Abiria aliyeumia bado anaweza kumshtaki mwenye gari na kushinda, ila fidia itamtegemea mwenye gari mwenyewe, na mara nyingi mali yake yote ni gari hilohilo lililobondeka. Mpita njia aliyegongwa na Probox hiyo yuko katika hali tofauti, kwa kuwa yeye hakuwa abiria.

"Makosa yalikuwa yako." Hili ni swali la ushahidi, na hulijibu kwa barua. Mahakama inaweza kugawa lawama, kwa mfano asilimia 80 kwa dereva na 20 kwako, na fidia yako ikapunguzwa kwa kiasi hicho. Kuvuka mahali pasipofaa au kukosa kofia ngumu kwenye pikipiki kunaweza kukupunguzia fidia, lakini hakumwondolei dereva lawama zote. Tafuta mashahidi mapema, hasa wafanyabiashara wa kando ya barabara ambao kesho bado watakuwa palepale.

Wafanyakazi wa chai

Kaunti yetu na jirani zetu wa Bomet wanaishi kwa chai, na watu wengi huumia wakiwa juu ya magari ya kazi: taniboi wa lori la majani, mchumaji anayesafirishwa kutoka shambani, dereva wa trekta. Bima ya lazima ya gari haimlazimishi mwajiri kumgharamia kupitia bima hiyo mfanyakazi wake aliyeumia akiwa kazini. Kampuni ikikataa kwa sababu hiyo, inaweza kuwa sahihi, lakini dai halijafa. Limehamia kwenye Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007, ambayo wengi huiita WIBA.

Chini ya WIBA huhitaji kuthibitisha kwamba mwajiri alikosea. Inatosha kwamba uliumia ukiwa katika kazi yake. Mwajiri anatakiwa kuiarifu idara ya usalama na afya kazini, DOSH, ndani ya siku 7, au saa 24 iwapo mtu amefariki, na dai liwasilishwe ndani ya miezi 12. Daktari hukadiria asilimia ya ulemavu. Mtu aliyepoteza kabisa uwezo wa kufanya kazi hulipwa mshahara wa miezi 96. Mwajiri asiporipoti, nenda mwenyewe. Kibarua wa msimu asikubali kuambiwa kwamba sheria hii ni ya wafanyakazi wa kudumu pekee.

Angalia pia gari lilikuwa la nani. Ukiwa mfanyakazi wa shamba moja na ukagongwa na lori la mtu mwingine, unaweza kudai WIBA kwa mwajiri wako, na mwenye lori naye ana kesi ya kujibu.

Kubishana na uamuzi

Hatua ya kwanza ni kuitaka kampuni ieleze kwa maandishi imekataa kwa kifungu kipi cha bima au cha sheria. Barua nyingi za kukataa huwa na mistari mitatu tu. Kampuni ikikutaka upimwe na daktari wake, kubali uende, na ubaki na ripoti ya daktari wako. Mahakama huzisoma zote mbili.

Kisha kuna Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, ambayo hupokea malalamiko ya wananchi bila malipo. Unaandika barua, unaambatisha abstrakti na barua ya kukataliwa, na kampuni inatakiwa kujibu. IRA hufaa sana pale kampuni inapochelewesha au inapokaa kimya, hasa kama imeshakubali kwamba inawajibika. Haina uwezo wa kuamua nani alikosea barabarani wala mguu uliovunjika una thamani gani. Hayo ni ya mahakama.

Kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 1, sheria ya mwaka 2016 iliunda Mahakama ya Madai Madogo, ambapo unaweza kujisimamia mwenyewe na kesi inatakiwa iamuliwe ndani ya siku 60. Ulizia kwa karani wa mahakama iliyo karibu nawe kama dai lako linaweza kusikilizwa huko au litapelekwa kwa hakimu wa kawaida.

Na kama umeshinda kesi dhidi ya mwenye gari lakini kampuni bado haitaki kulipa, ndipo sasa unaishtaki kampuni yenyewe. Kesi hiyo ya pili haianzi upya kubishania ajali. Unaonyesha hukumu, unaonyesha kwamba gari lilikuwa na bima yake, na unaonyesha notisi uliyotuma. Notisi ile tena.

Mwenye gari anayebishana na kampuni yake kuhusu gari lenyewe yuko chini ya mkataba, kwa hiyo asome kwanza kama mkataba unataka mgogoro upelekwe kwa msuluhishi kabla ya mahakama. Ubishi wa kawaida huko ni thamani ya gari kabla ya ajali, na ripoti ya mkadiriaji wako wa kujitegemea, ikifanywa kabla gari halijaanza kutengenezwa, huwa na uzito.

Saa inaendelea kwenda

Kesi ya kuumizwa hufunguliwa ndani ya miaka 3 tangu siku ya ajali. Mazungumzo na kampuni hayasimamishi muda huo. Wapo wanaoambiwa "tunashughulikia" hadi miaka 3 inakwisha. Ukigongwa na gari la Serikali muda ni mfupi zaidi, miezi 12 tu, na kwa usalama wako hesabu vivyo hivyo hata kama gari ni la kaunti hii yetu.

Kwa aliyefariki, wanaodai kama wategemezi ni mume, mke, wazazi na watoto. Familia huhitaji barua ya chifu inayoorodhesha wategemezi na idhini ya mahakama ya kusimamia madai ya marehemu. Shughuli hiyo huchukua muda, na mabishano ya kifamilia kuhusu nani awe msimamizi huchukua muda zaidi. Ianzeni mara baada ya mazishi.

Kampuni ikikubali kulipa, itakupa hati ya kuachilia madai uisaini. Isome, au umpe mtu aisome kwa sauti. Mwaka 2015 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Trinity Prime Investment dhidi ya Lion of Kenya, ilisisitiza kwamba hati kama hiyo ikisainiwa kwa hiari hufunga madai. Usiisaini kwa ajili ya shida ya karo ya wiki hii kisha utarajie nyongeza mwezi ujao.

Jihadhari pia na wanaokufuata wodini wakiwa na karatasi tayari. Sheria ya Mawakili hairuhusu wakili kukubaliana nawe kwamba atachukua sehemu ya fidia endapo mtashinda. Ada zake zimewekewa kanuni. Asiyekuwa wakili kabisa hana mamlaka ya kukudai asilimia yoyote. Hakikisha jina lake limo katika orodha ya mawakili wenye leseni, na asipokupa hesabu ya pesa zilizolipwa, peleka lalamiko kwa Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili. Asiye na uwezo wa kulipa anaweza kuomba msaada wa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria.

Wakati mwingine anayeshindwa kulipa ni kampuni yenyewe. United ilianguka mwaka 2005, Blue Shield ikawekwa chini ya msimamizi mwaka 2011, na mwaka 2024 Invesco, iliyokuwa na bima za magari mengi ya abiria, ikaingia katika ufilisi. Hapo dai hupelekwa kwa Mfuko wa Fidia kwa Wenye Bima, ambao hulipa hadi kiwango kilichowekwa tu, na kinachobaki hudaiwa kwa mfilisi au kwa mwenye gari.

Mwisho, malori ya nchi jirani. Barabara inayopita Londiani hubeba mizigo ya Uganda, Rwanda na Kongo, na lori lenye nambari za kigeni likikugonga usidhani limeondoka na haki yako. Magari hayo huingia nchini na kadi ya njano ya COMESA, ambayo ni bima ya mtu wa tatu inayotambuliwa hapa. Hakikisha polisi wameandika nambari ya kadi hiyo kwenye abstrakti kabla lori halijaachiliwa. Ofisi inayosimamia kadi hizo nchini ni Kenya Re, Nairobi, na huko ndiko notisi yako inakopelekwa.